Je, Yatupasa Kumwacha Anayekufa Wakati wa Tauni?



Liko swali moja ambalo wainjilisti na wazee wa kanisa wameliuliza mara nyingi tangu mwaka 2020. Waliuliza hivi: Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika nchi, na mtu wa usharika wetu yu kitandani akikaribia kufa, je, tumwendee ama tukae mbali? Tukienda, labda tutauchukua ugonjwa na kuupeleka kwa watoto wetu. Au labda sisi ndio tutakaomletea yeye. Tusipokwenda, atakufa peke yake kama mtu asiye na ndugu. Lipi lililo haki mbele ya Mungu?

Wengine watasema kwamba jambo hili limekwisha kupita, kwa maana tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya Korona imekoma. Lakini mwaka ule ule wa 2023, mwezi wa Machi, ugonjwa wa Marburg ulitokea katika mkoa wa Kagera. Watu 9 waliugua, 6 wakafa, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Mwezi wa Januari 2025 ukatokea tena katika mkoa ule ule, wilaya ya Biharamulo, ukaua watu 10. Basi tauni haipigi hodi. Afadhali tufikiri sasa, hali tuna utulivu, kuliko kungoja siku ile ambapo hofu imekwisha kuingia nyumbani.

Kwanza yatupasa kujua anayekufa anahitaji nini, maana hatuwezi kupima tumemnyima nini kama hatujui haja yake. Madaktari wana kazi iitwayo tiba shufaa. Ni kazi ya kumtunza mtu asiyetazamiwa kupona: kumtuliza maumivu, kumsafisha, kumsikiliza, kuwasaidia watu wa nyumbani mwake hata siku ya mwisho, na baada ya siku hiyo pia. Neno shufaa lina maana ya maombezi, nalo lafaa sana, kwa kuwa mwenye kazi hii husimama upande wa mtu asiyeweza tena kujisimamia mwenyewe.

Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akawa daktari, alifungua nyumba ya wagonjwa wa namna hii huko London mwaka 1967, iitwayo St Christopher's. Alikuwa Mkristo, na msingi wa kazi yake aliuona katika bustani ya Gethsemane, pale Bwana wetu alipowaomba wanafunzi wakeshe pamoja naye. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu. Yako maumivu ya moyo, yako ya mambo ya nyumba yake, yako ya roho, nayo yote yamesokotwa pamoja kama nyuzi za kamba moja. Kazi hiyo ikaenea hata kwetu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianza Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako unga wa mofini huchanganywa na maji, mgonjwa apate kuinywa dawa hiyo nyumbani kwake. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hii kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Na katika Kanisa letu la Kilutheri hapa Tanzania, hospitali ya Selian huko Arusha ni mojawapo ya hospitali zilizofanya kazi hii kwa miaka mingi, zikiwafuata wagonjwa majumbani mwao.

Sasa angalieni, kazi hii yote yasimama juu ya kitu gani? Yasimama juu ya kukaribia. Muuguzi huketi kando ya kitanda. Mtoto humgeuza mama yake ubavu. Mwinjilisti huinama apate kusikia neno lililo dogo kama pumzi. Na tauni hupiga mahali hapo hapo. Mkono wa huruma waweza kuwa njia ya mauti, na pumzi ya mwombaji yaweza kumdhuru yule anayeombewa.

Twakumbuka yaliyotokea mwaka 2020. Katika nchi nyingi jamaa walizuiwa kuingia hospitali, watu wakaagana kwa simu iliyoshikwa na muuguzi aliyefunikwa uso, na wengine hawakuagana kabisa. Nchini Uganda, mwishoni mwa mwezi wa Machi, magari ya abiria yalisimamishwa, na baada ya siku chache hata magari ya watu binafsi. Mgonjwa wa saratani aliyekaa mbali na mji hakuwa na Korona hata kidogo, walakini njia ya kuifikia dawa yake ilikuwa imezibwa. Basi tusisahau kwamba tauni ina wagonjwa wa namna mbili: wale inaowaua yenyewe, na wale waliokuwa wakifa kwa magonjwa mengine, ambao watu huwasahau kwa sababu macho yote yanaitazama tauni.

Katika jambo hili nimesikia majibu mawili, na yote mawili yana sura ya haki.

Jibu la kwanza lasema: Mwenye imani haogopi. Bwana alimgusa mwenye ukoma. Nasi twende, tushike, tukumbatie, Mungu atatulinda. Ndugu, kweli Bwana alimgusa mwenye ukoma. Lakini ni Bwana yule yule aliyekataa kujitupa chini kutoka kinara cha hekalu, ingawa Ibilisi alimletea maneno ya Maandiko. Tena ni yeye aliyemponya mtumishi wa akida kwa neno tu, pasipo kuingia katika nyumba ile. Basi kugusa kulikuwa upendo, na kutogusa pia kulikuwa upendo. Yeye alitazama haja ya mtu, hakutafuta kuonyesha ushujaa. Tena iko tofauti kubwa kati ya kujitoa mwenyewe na kumtoa mwenzako. Uhai wangu naweza kuutoa kwa ajili ya ndugu yangu. Lakini nikitoka kwa mgonjwa na kwenda moja kwa moja ibadani, nikakaa kati ya wazee na watoto, nimeutoa uhai wa watu wasionipa ruhusa.

Jibu la pili lasema: Sheria ni sheria. Aliye hai na aokolewe. Anayekufa atakufa vyovyote, kwenda kwake hakuna faida. Jibu hili lapendwa na watu wenye busara, kwa hiyo ni la hatari zaidi. Kosa lake ni hili, kwamba lamhesabu anayekufa kama aliyekwisha kufa. Anayekufa ni mtu aliye hai. Bado asikia kiu, bado asikia sauti, bado aweza kusamehe na kusamehewa, na labda saa hizo chache zitakuwa kubwa kuliko miaka mingi aliyoishi. Soma tena Mathayo 25. Bwana hawasifu wale wa mkono wa kuume kwa kuwa walimponya alipokuwa mgonjwa. Awasifu kwa kuwa walimjia. Kama kumwendea mtu asiyeweza kuponywa ni kazi bure, basi wale wanawake waliosimama penye msalaba walifanya kazi bure.

Baba zetu katika imani walilijua swali hili. Mwaka 1527, mwezi wa Agosti, tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa nchi alimtaka Martin Luther aondoke, na chuo kikuu kikahamia Jena. Luther hakuondoka. Alibaki pamoja na mchungaji Bugenhagen, na nyumba yake ikawa kama hospitali, hali mkewe Katharina alikuwa mja mzito. Mke wa meya wa mji alikufa karibu katika mikono yake. Ilikuwa katika siku hizo alipowajibu wachungaji wa Breslau, ambao kwa mkono wa Johann Hess walikuwa wamemwuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni.

Jibu lake lawakemea watu wa pande zote mbili. Afundisha kwamba mtu asiye na wajibu kwa mgonjwa, kama wako wengine wa kumtunza, aweza kuondoka bila dhambi. Lakini mhubiri, na mtawala, na kila mtu aliyefungwa na jirani yake kwa wajibu, hana ruhusa ya kuondoka kama hakuna mwingine wa kushika mahali pake. Tena awakaripia wanaodharau dawa na kujitia penye ugonjwa bila haja, kwa kuwa wamjaribu Mungu, nao waweza kuwa wauaji wa wenzao. Mtu atumie dawa, afukize nyumba yake, aepuke mahali asipohitajiwa; lakini jirani akimhitaji, aende. Tena awashauri wagonjwa wamwite mchungaji mapema, wakingali na akili zao, wasingoje hata roho imefika kooni.

Kutokana na hayo nadhani twaweza kuona njia. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku ya hofu watu huyachanganya, yaani kutenga na kuacha. Kutenga ni kuweka mpaka kati ya ugonjwa na watu. Kuacha ni kuweka mpaka kati ya mtu na watu wake. Kutenga kwaweza kuamriwa na serikali au daktari, na Mkristo atii kwa moyo mweupe. Kuacha hakuna awezaye kukuamuru, wala hakuna sheria itakayokuwa udhuru mbele ya Mungu. Hatari ni kwamba mambo haya mawili huvaa nguo moja. Wote wawili husimama nje ya mlango, aliyetenga na aliyeacha. Wewe utajuaje ni yupi?

Jiulize maneno matatu. Je, yuko mtu mmoja aliyewekwa kwa ajili ya mgonjwa huyu, anayejulikana kwa jina, ambaye lazima ajue leo ameamkaje? Je, maumivu yake yanatulizwa? Je, sauti yetu yamfikia, na sauti yake yatufikia? Yakiwako haya matatu, mgonjwa ametengwa lakini hakuachwa, hata kama hakuna ndugu aliyemgusa. Yakikosekana, ameachwa, hata kama kila kitu kimefanywa kwa utaratibu.

Mtu asiseme kwamba haya ni maneno laini ya wachungaji, na kwamba tauni yataka ukali. Tutazame mambo yaliyotukia. Katika miaka ya 2014 hata 2016 Ebola iliua watu zaidi ya 11,000, hasa katika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Maiti ya mtu wa Ebola ina hatari kubwa, na desturi ya kuiosha na kuigusa iliwaangusha wengi. Ilipasa desturi hiyo izuiwe. Lakini mwanzoni ilizuiwa kwa namna iliyovunja mioyo: watu waliofunikwa mwili wote walikuja, wakachukua maiti, wakaenda zao. Mjini Monrovia serikali iliamuru hata maiti zichomwe moto. Matokeo yakawa nini? Watu waliwaficha wagonjwa wao na kuwazika kwa siri, na ugonjwa ukaenea sirini. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani, likishauriana na watu wa dini, lilitoa utaratibu mwingine: jamaa waambiwe kila jambo, wasimame mbali kidogo waone, mchungaji au imamu aombe, kaburi lijulikane. Hakuna aliyegusa maiti, lakini marehemu aliheshimiwa. Basi rehema haikuwa adui wa kinga, bali ilikuwa msaidizi wake. Watu hukimbia mahali wanapodhani wataachwa.

Jambo jingine lilitokea kwa jirani zetu wa Kongo, katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambako watu wengi husema Kiswahili kama sisi. Huko Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika miaka ya 2018 hata 2020. Mjini Beni vilitumiwa vyumba vyenye kuta za plastiki iliyo wazi kama kioo, na katika kuta hizo zimefungwa mikono ya mpira. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje, na mama aliweza kuketi karibu na kumwona mwanawe, naye mtoto akamwona mamaye. Tena baadhi ya watu waliokwisha kuugua na kupona waliajiriwa kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao hawakuuogopa tena ugonjwa ule. Ukuta ulibaki palepale. Ila watu walijitahidi kuufanya uwe ukuta wa kutenga, usiwe ukuta wa kuacha.

Lakini yako maswali magumu ambayo sipendi kuyaruka. Mtu ataniambia: Kwetu hakuna kuta za kioo. Mtungi wa oksijeni ni mmoja na wagonjwa ni wawili. Daktari akampa yule anayetazamiwa kupona. Je, ametenda dhambi? Nadhani hapana, kama amechagua kwa haki, pasipo kutazama mali wala kabila wala cheo. Dhambi yaweza kuingia baadaye, akidhani kwamba kwa kuwa hakumpa yule wa pili mtungi, basi hana kazi kwake tena. Hapo ndipo kazi nyingine yaanza. Mofini, ikitolewa na mtu aliyefundishwa, hutuliza maumivu, nayo hutuliza hata dhiki ya kukosa pumzi. Maji ya kulowesha midomo si ghali. Kumwita mtu kwa jina lake hakuna bei. Ni ajabu kwamba vitu vile ambavyo anayekufa avihitaji zaidi ndivyo vilivyo rahisi, navyo ndivyo vinavyosahauliwa kwanza.

Tena wako waliozuiwa mlangoni, wakabaki wakijishitaki mpaka leo, wakisema: Baba alikufa nami sikuwapo. Ndugu hao yawapasa kufarijiwa kwa neno la Maandiko. Mwinjili Yohana atwambia kwamba mama yake Yesu na mwanafunzi aliyempenda walisimama karibu na msalaba. Mwinjili Luka atwambia kwamba wote waliomjua walisimama kwa mbali, wakitazama. Wale wa karibu hawakuweza kumteremsha. Wale wa mbali hawakuweza hata kumpa neno. Lakini wote walisimama, hakuna aliyegeuza uso, na Maandiko yamewahesabu wote. Wewe uliyesimama nje ya lango la hospitali ukilia, hukumwacha baba yako. Mlango ulifungwa, lakini moyo wako haukufungwa, na Mungu hutazama moyo. Wala baba yako hakuwa peke yake, maana yuko Mmoja ambaye hazuiwi na mlango uliofungwa, kama mitume walivyoona jioni ya Pasaka.

Sasa tufanye nini katika sharika zetu? Naandika machache, wazee wa kanisa wayafikiri.

Kwanza, kila mtaa uwe na orodha ya wagonjwa wasiotoka nyumbani, pamoja na dawa wanazotumia. Ikisikika habari ya tauni, hao waulizwe kwanza, na daktari aombwe kuwapa dawa ya kutosha muda mrefu zaidi kabla njia hazijazibwa.

Pili, wachaguliwe watu wawili au watatu wenye afya njema, wafundishwe na watumishi wa hospitali namna ya kuvaa barakoa na glavu, na zaidi namna ya kuvivua, maana wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Hao waende kwa niaba ya wote. Afadhali mmoja aliyefundishwa kuliko kumi wenye huruma tu. Lakini penye Ebola au Marburg asiingie mtu ila kwa idhini ya watumishi wa afya.

Tatu, tujifunze kusema na mgonjwa mapema habari za wosia, za madeni, za magomvi yasiyopatanishwa, na za roho yake. Twaogopa kumwambia mtu kwamba safari iko karibu, kisha tauni yafunga mlango na maneno yabaki kinywani. Mchungaji aitwe mapema, alete Chakula cha Bwana. Na kisipoweza kumfikia, mgonjwa asidhani kwamba ametengwa na Kristo. Neno la msamaha lapita dirishani, lapita hata katika simu, nalo ni neno lile lile.

Nne, tuwatunze wanaotunza. Nyumba iliyowekwa karantini iletewe chakula na sabuni mlangoni, na shamba lake lilimwe. Muuguzi arudipo kwake, asikutane na majirani wanaohamisha viti. Mara nyingi tumemsifu kwa midomo na kumkimbia kwa miguu.

Ndugu zangu, tauni ikija huuliza kila usharika swali moja: Je, upendo wenu ulikuwa desturi ya mikono tu, ama ulikuwa na mizizi moyoni? Upendo wa desturi, ukikatazwa kushika mkono, hufa siku hiyo hiyo. Upendo wenye mizizi hutafuta njia nyingine: husimama dirishani, hutuma dawa, huimba nje ya ua, huandika barua, huchagua mmoja aende kwa wote. Haukubali kusema kwamba hakuna la kufanya, maana kukesha pamoja na mtu ni jambo la kufanya.

Bwana wetu, aliyeonja mauti akiwa nje ya mji, atujalie hekima ya kutenga pale inapopasa, na atulinde tusimwache hata mmoja wa wadogo wake. Amina.